Dubai na hesabu ya kuwasafirisha wageni wa Expo

Maonyesho ya kimataifa ya Expo mjini Dubai yalidumu miezi sita tu. Reli iliyojengwa kuwapeleka wageni huko ilitakiwa kudumu kwa miongo mingi. Tangu mwanzo, wapangaji wa usafiri walikabiliwa na swali la nani angepanda treni hiyo wageni wakishaondoka.

Tarehe 27 Novemba 2013 mjini Paris, Dubai ilichaguliwa kuandaa Expo ya mwaka 2020, baada ya kuishinda Izmir ya Uturuki, Yekaterinburg ya Urusi na São Paulo ya Brazil. Shangwe zilipotulia, hesabu zikaanza. Eneo lililotengwa, lenye ukubwa wa hekta 438, lilikuwa jangwani kusini mwa mji, upande wa kuelekea Abu Dhabi, mbali na hoteli nyingi na mbali na reli. Waandaaji walijiwekea lengo la ziara milioni 25 katika muda wa miezi sita. Hiyo ni wastani wa zaidi ya watu 130,000 kwa siku, sawa na kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam mara mbili kila siku kwa nusu mwaka.

Dubai haikuwa ngeni katika kupokea mikutano mikubwa. Mwezi Septemba 2003 ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Ni mkutano ule ule ambao Nairobi iliuandaa miaka 30 kabla, katika jumba la KICC lililokuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Mwaka 2003 Dubai haikuwa na hata kilomita moja ya reli ya abiria. Wajumbe walibebwa kwa magari, katika mji ambao barabara zake zilikwisha kuelemewa na msongamano. Maelfu kadhaa ya wageni kwa siku chache wanaweza kuhudumiwa kwa mabasi na misafara ya polisi, lakini kwa mamilioni ya watu njia hiyo haitoshi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005, pale ilipoundwa Mamlaka ya Barabara na Uchukuzi ya Dubai, ijulikanayo kwa kifupi RTA. Chombo hicho kimoja kilikabidhiwa barabara, mabasi, teksi, vyombo vya majini na mradi wa reli. Huenda uamuzi huo wa kiutawala ulikuwa na uzito kuliko daraja lolote lililojengwa baadaye, kwa sababu ratiba ya basi na ya treni sasa zilipangwa chini ya paa moja. Treni ya kwanza ya metro, isiyo na dereva, ilizinduliwa saa tatu na dakika tisa usiku, tarehe 9 Septemba 2009. Siku hiyo ni vituo 10 tu kati ya 29 vya njia nyekundu vilivyokuwa tayari, na gharama ya mradi ilikuwa imepanda kutoka makadirio ya awali ya dirham bilioni 15.5 hadi bilioni 28. Wakosoaji walidai kwamba mji wa watu waliozoea magari yenye viyoyozi hautapanda treni.

Kwa hiyo Expo ilipokuja, reli ilikuwapo tayari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuirefusha. Mwaka 2016 RTA ilitoa mkataba wa dirham bilioni 10.6 kwa muungano wa kampuni ulioongozwa na Alstom ya Ufaransa, kujenga tawi la kilomita 15 lenye vituo saba, kuanzia Jebel Ali hadi kwenye lango la maonyesho. Mkataba huo ulihusu pia treni mpya 50. Kati ya hizo, 15 tu ndizo zilizokusudiwa kwa njia ya Expo. 35 zilikuwa za kupunguza msongamano katika mtandao uliokuwapo. Aidha, njia yenyewe haikunyooshwa moja kwa moja kuelekea uwanjani, bali ilipitishwa katika mitaa ya makazi kama vile The Gardens, Discovery Gardens na Al Furjan, ambayo hadi wakati huo ilitegemea magari na mabasi.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu zake. Sevilla ya Hispania ilipata treni ya mwendo wa kasi kutoka Madrid kwa ajili ya Expo ya 1992, na treni hiyo inajaa abiria mpaka leo. Hannover ya Ujerumani nayo ilipanua reli zake za mji kwa Expo ya 2000, ikitarajia wageni milioni 40. Walikuja wapatao milioni 18.

Pigo la Dubai lilitoka pasipotarajiwa. Mwaka 2020 janga la virusi vya corona lilisababisha maonyesho yaahirishwe kwa mwaka mmoja, reli ikiwa karibu kukamilika. Vituo vya mwanzo vilifunguliwa kwa abiria Januari 2021. Kwa maneno mengine, wakazi wa Discovery Gardens waliipanda treni ya Expo kabla ya mgeni yeyote wa Expo.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021 na kumalizika 31 Machi 2022, yakiwa yamerekodi ziara zaidi ya milioni 24. Mbali na metro, mabasi ya bure yalitoka sehemu mbalimbali za Dubai na falme nyingine za Umoja wa Falme za Kiarabu. Sifa za mpangilio huo zilienea, ila kulikuwa na gharama isiyoonekana kwenye ramani za usafiri. Mwezi Oktoba 2021 waandaaji walikiri kwamba wafanyakazi watatu walikufa kwa ajali za kazini wakati wa ujenzi wa eneo la maonyesho, na wengine 72 walijeruhiwa vibaya. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wahamiaji, na ni wahamiaji hao hao, wakiwamo walinzi na wahudumu kutoka Kenya na Uganda, wanaotegemea metro na mabasi kwenda kazini.

Mwishoni mwa 2023 kituo cha Expo kilijaa tena, safari hii kwa wajumbe wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabia nchi, COP28. Mwaka 2025 jiwe la msingi la njia ya buluu liliwekwa. Njia hiyo ya kilomita 30 inatarajiwa kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029, na hakuna maonyesho yanayoisubiri. Moja ya sehemu itakazofika ni International City, mtaa wa wapangaji wa kipato cha chini ambao haujawahi kuwa na treni.