Ruzuku ya Kuinua Shule

Marekani iliwahi kuwa na mpango wa fedha za serikali ulioitwa School Improvement Grants. Wafasiri wengi wataandika "ruzuku ya uboreshaji wa shule" na kusonga mbele. Sarufi ni safi, lakini msomaji wa Tanzania ataelewa kitu kingine kabisa. Kwake ruzuku ya shule ni fedha ya uendeshaji inayotolewa kwa idadi ya wanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Kila shule ya serikali huipata, iwe inafaulisha au haifaulishi.

Mpango wa Marekani haukuwa hivyo. Ulipata nguvu mwaka 2009, sheria ya kufufua uchumi ilipoutengea dola bilioni 3. Ulizilenga shule zilizokuwa mkiani, hasa asilimia 5 ya mwisho ya shule za kila jimbo miongoni mwa zile zinazohudumia watoto maskini. Wilaya ya elimu iliomba, jimbo likachuja, na shule moja iliweza kupewa hadi dola milioni 2 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Ila wilaya ililazimika kwanza kuchagua njia moja kati ya nne. Iliyoogopwa sana ilitaka mkuu wa shule aondolewe, watumishi wote wachujwe upya, na wanaorudishwa wasizidi nusu. Wilaya iliweza pia kuifunga shule, au kuikabidhi kwa mwendeshaji mwingine kwa mkataba. Wilaya nyingi zilichagua njia iliyobaki: kubadili mkuu, kupima walimu upya na kuongeza saa za masomo. Katika mji wa Central Falls, Rhode Island, mazungumzo na walimu yalipovunjika Februari 2010, bodi ya shule ilipiga kura kuwafukuza walimu wote wa sekondari. Walirudishwa Mei kwa makubaliano.

Fedha iliyokuja na panga namna hiyo haitoshi kuitwa "ya uboreshaji", neno linaloweza kumaanisha hata kupaka rangi madarasa. Napendekeza "ruzuku yenye masharti ya kuinua shule". Kuinua kunasema wazi kwamba shule ilikuwa chini. "Ruzuku" ibaki, maana ndilo neno la bajeti zetu. Lakini katika lugha ya kila siku anayeruzuku ni Mungu, na hadai fomu wala ripoti, kwa hiyo masharti lazima yatajwe. Shule zenyewe tuziite "zenye ufaulu wa chini". "Shule mbovu" ni tusi kwa mtoto anayesoma humo.

Tathmini ya serikali ya Marekani iliyotolewa 2017 ilionyesha kwamba, kwa wastani, mpango huo haukupandisha alama za hesabu na kusoma wala idadi ya wanaohitimu. Sheria mpya ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuuondoa na kuyaachia majimbo yachague njia zao. Nchini Tanzania nako, jaribio la shirika la Twaweza la 2013 na 2014 lilionyesha kwamba shule zilizopewa fedha peke yake hazikupata alama bora. Zilizopewa fedha pamoja na bonasi ya walimu zilipanda.

Kwa kuwa masharti ndiyo yanayotofautisha ruzuku moja na nyingine, nawaomba wanaotafsiri nyaraka za elimu: mkiandika "ruzuku", msomaji aone hapohapo nani anapewa, na anatakiwa kufanya nini ili apewe.