Askari wa Mpakani: Chetambe na Riwaya ya Kihistoria
Riwaya ya Rosemary Sutcliff, The Eagle of the Ninth (1954), humpeleka msomaji kwenye mpaka wa dola ya Kirumi nchini Uingereza. Wanafunzi wetu wa Kitale na Bungoma wana mpaka wao: ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu wengi waliuawa na jeshi la C. W. Hobley mwaka 1895. Atakayeitungia riwaya asimfanye askari Msudani kuwa mhusika bapa. Naye alitolewa mbali, akapewa bunduki alinde milki isiyo yake; mwaka 1897 Wasudani wenzake waliasi Uganda, wamechoshwa na ujira duni na safari zisizokwisha. Huo ndio mgogoro wa nafsi ambao maswali yetu ya ushujaa, kila mara ushujaa, huupita tu.