Lundo la Bunduki na Mkusanyo wa Bunduki

Katika lugha yetu yako maneno mengi ya kutaja vitu vilivyowekwa pamoja, wala hayana maana moja. Kuni zilizotupwa penye ua ni lundo. Maji yatokayo mwambani tone kwa tone hulimbikwa. Mtama wa ghalani ni akiba. Bali mtu akitwaa vitu vya namna moja, akavichagua, akajua kila kimoja kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kwa sababu gani kimewekwa karibu na mwenziwe, hapo pana jambo jingine, nalo ndilo niliitalo mkusanyo. Huko Butiama yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na humo zimewekwa zawadi alizopewa. Ondoa habari ya mtoaji, na zawadi yo yote itabaki kuwa kitu cha kuuzwa sokoni.

Nataka kuipima tofauti hii kwa kitu kimoja, yaani bunduki. Msomaji aweza kuuliza, mwalimu au kasisi ana shauri gani na bunduki? Ninajibu ya kuwa katika karne ya 19 ni vitu vichache sana ambavyo wakubwa wa nchi hizi za Nyanza walivitafuta kwa bidii kama hicho, na ni vichache ambavyo habari zake zimepotea upesi hivyo. Tena katika nyumba za wakristo wetu zingalipo bunduki kuukuu zilizorithiwa, na mara nyingi mwalimu au kasisi ndiye mtu wa kwanza kuulizwa, Tufanyeje na chuma hiki cha babu?

Kwanza tutazame majina, maana lugha imehifadhi mengi kuliko nyumba. Neno lenyewe bunduki tumelipata kwa Waarabu. Kwao bunduq kwanza ni tunda dogo lenye gamba gumu, halafu kidonge cha kutupia ndege, na mwisho ni silaha yenyewe. Bunduki ya gumegume ni ile ambayo jiwe lake hupiga chuma na kutoa cheche. Ikafuata bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake huipiga fataki ndogo; hii nayo hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, kwa mdeki. Kisha ikaja bunduki ya viasi, ambayo baruti na risasi zimefungwa pamoja, nayo hujazwa kwa nyuma. Gumegume na fataki za kushindilia, na zile zilizoigwa na wahunzi wa vijijini, watu huzichanganya zote kwa jina la gobole. Ni jina lifaalo kwa mazungumzo, lakini atakaye kujua habari za kale asiridhike nalo, kwa kuwa linaficha mabadiliko ya miaka mia.

Mwezi wa Februari 1862 Mwingereza Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Katika zawadi alizomtolea palikuwa na bunduki moja ya Whitworth, bastola moja ya risasi nyingi, na karabini tatu, pamoja na risasi na fataki zake. Hizo hazikuwa bunduki za kwanza kuonekana katika nchi ile, maana wafanya biashara wa pwani walikwisha fika tangu siku za Suna, baba yake Mutesa. Speke ameandika ya kuwa mfalme aliijaza karabini moja, akampa kijana wa nyumbani aende nje akampige mtu ili kuijaribu. Kijana akaenda, akarudi akicheka. Wengi wameisoma habari hiyo na kuchukizwa nayo, na ndivyo ipasavyo. Lakini kwa jambo letu nataka msomaji aangalie hesabu: ni bunduki tano, nazo tunazijua kwa namna yake, aliyezileta, mwezi wa kufika na kazi ya kwanza zilizofanyiwa, kwa sababu ziliandikwa.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Kiingereza huko Unguja, alikadiria ya kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani. Katika hizo zote, ni ngapi ambazo leo mtu aweza kusema, Hii ilinunuliwa na fulani, kwa meno ya tembo kadha wa kadha, ikapelekwa mahali fulani? Zilipita kama mvua ya usiku. Huko Buganda kwenyewe Mwanga, mwana wa Mutesa, aliwapa vijana wa vikosi vyake bunduki nyingi. Na mwezi wa Septemba 1888 vijana hao hao wakamfukuza katika kiti chake. Ghala la mfalme lilikuwa nguvu, na nguvu hugawiwa, huibiwa, huisha. Hakuna aliyetaka kujua bunduki hii imetofautianaje na ile, ila kwa kuuliza kama inalia au hailii.

Hata visiwani mwetu silaha hazikukosa. Mwezi wa Desemba 1877, huko Ukerewe, wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa na watu wa Mtemi Lukonge pamoja na Songoro, mfanya biashara, kwa ugomvi uliohusu jahazi. Wasomaji wa gazeti hili wanaijua habari hiyo, sina haja ya kuirudia.

Mkwawa wa Uhehe anatupa mfano mgumu zaidi. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, watu wake walilivamia jeshi la Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakamwua mkuu wao Zelewski, wakatwaa bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu. Je, huo ulikuwa lundo au mkusanyo? Kwa vita haukumfaa sana. Gobole hula baruti na kipande cho chote cha chuma, bali bunduki ya viasi haili ila kiasi chake, na Uhehe hapakuwa na fundi wa kutengeneza viasi vile. Zilipokwisha risasi zilizotekwa, bunduki nzuri zikawa kama fimbo. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wadachi waliivunja boma ya Kalenga.

Walakini bunduki zile zilikuwa na kitu ambacho zile elfu themanini hazikuwa nacho. Zilikuwa na asili moja na siku moja. Mtu akiiona Mauser ya muundo wa mwaka 1871 mahali pengine, atasema ni bunduki ya askari wa zamani, basi. Akijua kwa hakika ya kuwa ni moja ya zile za Lugalo, anashika mkononi ushahidi. Lakini ujuzi huo ulikaa katika vichwa vya watu, haukufungwa na kila bunduki kwa alama wala kwa maandiko, hata zilipotawanyika zikawa tena chuma. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una kifungu, cha 246, kilichowaamuru Wajerumani walirudishe fuvu lake, nalo lilirudi mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, ambako leo yapo makumbusho. Bunduki hazikuandikiwa kifungu. Sisemi zilistahili kulinganishwa na kichwa cha mtu. Nasema tu ya kwamba kitu kisichokuwa na jina hakina wa kukidai.

Ulaya nako walikuwako watu waliojaza kuta zao bunduki kwa fahari, wala hawana la kutufundisha. Ila yuko mmoja aliyefanya vingine. Afisa wa Kiingereza aitwaye Lane Fox, ambaye baadaye alilitwaa jina la Pitt Rivers, alipewa kazi katika miaka ya 1850 ya kuwafundisha askari kutumia bunduki mpya zenye mifuo ndani ya mtutu. Katika kazi hiyo akaona ya kuwa hakuna bunduki iliyotokea ghafula. Kila moja ilikuwa ile iliyotangulia, iliyobadilishwa kidogo tu. Akaanza kununua, si zile nzuri, bali zile ambazo zilionyesha hatua, hata zilizokuwa za ovyo na zilizoshindwa. Akazipanga kwa mstari. Kutoka bunduki akaendelea na pinde, ngao, mitumbwi, na mwaka 1884 akavitoa vitu vyake, zaidi ya 20,000, kwa chuo kikuu cha Oxford, ambako vipo hata leo katika makumbusho yenye jina lake.

Hatuna budi kusema ya kuwa Pitt Rivers alipotoka katika jambo kubwa. Alidhani mataifa yote yanapanda ngazi moja, na taifa lake limesimama juu kabisa, na upinde wa Mwafrika u kidato cha chini. Wataalamu wameliacha wazo hilo. Lakini kwa kuwa aliandika na kupanga, hata yeye apingaye mawazo yake aweza kuvitumia vitu vyake kumpinga. Nani awezaye kulitumia lundo namna hiyo?

Na sasa nirudi kwetu. Hapa Nyasho, mjini Musoma, tunakaa Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Wajaluo na wengine, na nyuma ya karibu kila ukoo kuna mji wa kijijini wenye mambo ya kale. Nchi hii ilipitiwa na silaha za namna nyingi. Wadachi walikuwa na boma Shirati na boma Ikoma. Vita vilipoanza mwaka 1914 askari wao wengi walikuwa wangali wanachukua bunduki ya mwaka 1871, ambayo moshi wake mweupe humfichua mpigaji. Baada ya vita vya Tanga mwezi wa Novemba mwaka ule wakapata nyingine zilizotekwa kwa jeshi la Waingereza. Mwaka 1917 kikosi cha Naumann kikafika Ikoma, kikapigana na Wabelgiji, na Waingereza walikuwa wakikiwinda. Basi mtu akikuambia, Bunduki hii ni ya Ikoma, hajakuambia kitu bado. Yaweza kuwa ya mataifa matatu, au isiwe ya vita kabisa.

Hapo ndipo alama zinapofaa. Gobole lenye taji na neno TOWER limefuata muundo wa Kiingereza, ingawa wenye viwanda wengi waliuiga muundo huo kwa ajili ya biashara ya Afrika. Herufi ELG ndani ya duara refu ni alama ya Liège, mji wa mafundi wa bunduki wa Ubelgiji, ya kuonyesha kuwa mtutu ulijaribiwa. Wala jambo hili si geni kwa Waafrika: Wakamba walikata alama ya ukoo katika mshale, ili mnyama au mtu akionekana amechomwa ijulikane ni mshale wa nani. Lakini usiamini alama moja tu. Mara nyingi gobole moja ni bunduki tatu: mtutu umetoka Ulaya, mtambo umetolewa katika bunduki nyingine iliyovunjika, na tako limechongwa na fundi wa kijijini. Watu hudharau gobole la namna hiyo wakisema si la asili. Mimi ningelitanguliza katika mkusanyo wo wote, kwa kuwa linaonyesha mikono ya watu wetu. Na nawasihi vijana wasikwangue kutu kwa kisu na mchanga ili bunduki ya babu ing'ae. Wakikwangua kutu hukwangua na herufi.

Isidhaniwe ya kuwa nawashauri watu kuficha silaha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha bila kibali, na katika wilaya zilizoona damu kwa ajili ya ng'ombe hakuna mtu mwenye akili atakayeilaumu. Mapatano ya Nairobi ya mwaka 2004 yanazitaka serikali za nchi hizi kuzitia alama bunduki zilizo halali na kuziharibu zisizo halali. Jirani zetu wa Kenya mwezi wa Novemba 2016 walichoma bunduki 5,250 huko Ngong kwa siku moja. Ni kazi njema. Lakini kuandika hakuzuii kuchoma. Kabla kifaa hakijapelekwa polisi, na mwenyewe akiwa radhi, robo saa yatosha kuandika urefu wa mtutu, namna ya mtambo, herufi na tarakimu zote hata zisizosomeka vema, zikichorwa kama zilivyo. Kisha jina la bunduki yenyewe kama nyumba ile iliivyoiita. Kisha aliyeipata kwanza, kwa mahari, kwa mshahara, kwa kununua au kwa kuokota vitani, na mahali.

Miaka ndiyo iletayo taabu, maana wazee hawahesabu kwa tarakimu. Wao husema, Ilikuwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka wa kutahiriwa rika fulani. Katika hili wenzangu wa misheni wana chombo ambacho polisi hawana, yaani vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Ikiwa bunduki ilitolewa arusini, na arusi imeandikwa, mwaka umepatikana. Wote waliokuwa askari wazima huko Ikoma mwaka 1917 wamekwisha kufa. Watoto wao wa mwisho, waliozaliwa baba akiwa mzee, bado wapo wachache, wenye umri wa miaka themanini na zaidi, nao waliisikia habari ya bunduki kinywani mwa mwenyewe.