5895: Namba pungufu ya mlima mrefu

Wadau, Moshi kuna namba ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: 5895. Iko kwenye fulana za watalii, iko kwenye mtihani wa Jiografia, iko kwenye kibao cha kileleni. Lakini imetoka wapi?

Kwa wazee wetu haikutoka. Wachagga waliishi chini ya Kibo miaka mingi bila kuhitaji mita. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona, akaandika kuwa una theluji. Msomi mmoja wa London, William Cooley, akambishia bila kukanyaga huku! Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. 5895 yenyewe ilikuja 1952, enzi za Mwingereza, wapimaji walipopiga hesabu za pembe tatu kutoka mbali. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapeleka mwenge na bendera kule juu, kilele kikaitwa Uhuru. Jina la mkoloni tukalifuta. Namba yake tukabaki nayo.

Sasa tuichambue. 5895 ni witiri, na si namba tasa: ni 3 × 3 × 5 × 131. Yapata mwaka 100 baada ya Kristo, Nicomachus wa Gerasa aligawa namba katika makundi matatu. Jumlisha vigawo vyote vya namba, yenyewe ukiiacha. Ukipata namba ileile, ni kamilifu, kama 28 (1+2+4+7+14). Ikizidi, ni zidifu. Ikipungua, ni pungufu. Hiyo Nicomachus aliifananisha na kiumbe aliyekosa viungo.

Vigawo vya 5895 vinajumlisha 4401 tu. Mlima mrefu kuliko yote Afrika una namba pungufu!

Mwaka 1999 wataalamu, Watanzania wakiwemo, walipanda na vipokezi vya GPS. Jibu likatangazwa: mita 5892. Watu wakasema mlima umefupishwa. Lakini 5892 ni 2 × 2 × 3 × 491, na vigawo vyake vinajumlisha 7884. Ni zidifu! Tumepoteza mita tatu, namba ikanenepa.

Mchezo tu? Kwa upande mmoja, ndiyo. Kibo hakijui vigawo, na mita zenyewe ni kipimo cha Wafaransa. Hata "usawa wa bahari" unabidi ukadiriwe, maana bahari iko mbali na mlima, na ndiyo sababu wapimaji hupishana. Mlima haukusinyaa, kilichobadilika ni vifaa na mahesabu.

Ila kuna jambo. Kipimo kipya walikuwemo watu wetu, na bado tunakariri cha 1952 kama aya ya msahafu. Namba siyo mlima. Ni jibu la mtu fulani, wa mwaka fulani, kwa kifaa fulani. Tuwafundishe watoto na swali pia, siyo jibu peke yake.

Mnaonaje wadau? Kibao kibadilishwe au kibaki?