Deni la Miaka Sitini kwa Mwalimu wa Watu Wazima

Juni 2026 inatimiza miaka 50 tangu Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa juhudi za msomi wa Kanada J. Roby Kidd, lilipofanya mkutano wake mkubwa wa kwanza jijini Dar es Salaam. Katika mkutano huo Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba elimu hulenga kumkomboa mtu ili ayatawale maisha yake mwenyewe, na kwamba anayefundisha watu wazima humsaidia mwanafunzi kuutumia uwezo ambao tayari anao. Swali ambalo limeendelea kuziandama juhudi za elimu ya watu wazima hadi leo ni la ustawi wa mwalimu mwenyewe, yaani kipato chake, afya yake, mafunzo yake na heshima anayopewa kazini, na ni vigumu kupata mahali panapolidhihirisha swali hilo zaidi kuliko eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Nabuyoga katika wilaya ya Tororo hadi Busia, mji ulioko pande zote mbili za mpaka, ambako serikali mbili zilizokutana na tatizo moja ziliamua kwa namna mbili tofauti.

Hatua za mwanzo za elimu hiyo nchini Uganda zinafahamika. Makatekista wa misheni waliwafundisha waumini wao kusoma ili wapate ubatizo. Chuo cha Makerere kilifungua idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953. Na mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Uganda ilizindua kampeni ya kufuta ujinga iliyoandaa vitabu vya kiada katika lugha zaidi ya 20. Kampeni hiyo ilidhoofika wakati wa utawala wa Idi Amin, na vita vilivyofuata vilimaliza kilichosalia.

Mzozo kuhusu malipo ya mwalimu ulianza mwaka 1992, serikali ya Uganda ilipofungua mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kunakofundishwa pamoja na kilimo, afya na biashara ndogo. Miongoni mwa waliouunga mkono ni taasisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chama cha vyuo vya elimu ya watu wazima cha Ujerumani, inayojulikana kwa kifupi cha DVV. Wilaya nane ziliteuliwa, nazo ni Apac, Hoima, Iganga, Kabarole, Kamuli, Mpigi, Mukono na Rukungiri. Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo lililokuja kuwa wilaya ya Busia mwaka 1997, haikuwamo katika kundi hilo la kwanza. Wafadhili walichangia mitaala, vitabu na semina, lakini kazi yenyewe ya kufundisha iliwaangukia wanakijiji waliojitolea, ambao hawakulipwa mshahara na ambao wengi wao walikuwa na mafunzo mafupi tu.

Tathmini iliyofanywa na Anthony Okech wa Makerere pamoja na wenzake, na kuchapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2001, iliupa mzozo huo ushahidi ambao kila upande uliweza kuutumia. Iligundua kwamba wahitimu wa kisomo, ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliweza kulinganishwa vizuri na wanafunzi wa madarasa ya kati ya shule ya msingi, na kwamba gharama ya kumfundisha kila mmoja ilikuwa ndogo mno. Waliopendelea kujitolea waliona katika matokeo hayo uthibitisho kwamba kijiji kinaweza kujisomesha chenyewe, na wakaonya kwamba mwalimu anayezoea posho ya mfadhili ataliacha darasa siku mfadhili atakapofungasha virago. Waliodai malipo walijibu kwamba unafuu huo ulitokana na jasho la mtu ambaye hakuandikwa katika hesabu yoyote, mkulima aliyeacha shamba lake mchana ili kufundisha majirani, na kwamba mwalimu aliyechoka, asiye na chochote cha kuipelekea familia yake, huacha kazi hata kama anaipenda kwa dhati. Hoja hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa serikali isingethubutu kumwomba mwalimu wa shule ya msingi afundishe bure kwa miaka kadhaa kisha ikauita mpango huo mafanikio.

Upande wa Kenya, serikali ilikuwa imechukua njia nyingine. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1966, na mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha kampeni ya kuondoa kutojua kusoma katika muda wa miaka mitano, iliyoajiri walimu wa kudumu pamoja na walimu wa muda waliolipwa posho, huku madarasa ya harambee yakiendeshwa na walimu waliotegemezwa na jamii. Utafiti wa Carron, Mwiria na Righa, uliotolewa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu mjini Paris, uliyaeleza makundi hayo matatu, ambayo yalifanya kazi inayofanana kwa malipo yasiyofanana. Hata hivyo mshahara wa wachache haukutosha kuishikilia kampeni nzima, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa na ujuzi wa kusoma na kuandika.

Miaka iliyofuata ilileta maazimio mengi. Mkutano wa UNESCO uliofanyika Belém, Brazil, mwaka 2009 uliyafanya mataifa yaahidi kuboresha mafunzo na masharti ya ajira ya walimu wa watu wazima, na ule wa Marrakech wa mwaka 2022 ukaendeleza ajenda hiyo. Uganda nayo, kwa kushirikiana tena na DVV, iliubadili mpango wake kuwa elimu ya jamii inayounganisha kisomo, stadi za kazi na vikundi vya kuweka na kukopa, na miongoni mwa wilaya za majaribio ilikuwamo Namayingo, jirani ya Busia.

Hatua hiyo inastahili pongezi, kwa sababu darasa linaloweka akiba humpa mwalimu na wanafunzi wake sababu ya kuendelea kukutana hata baada ya mradi kwisha. Bado, mikataba ya ushirikiano huandikwa kwa kuanzia vitabu, semina na magari ya ukaguzi, na mwalimu hukumbukwa fedha zikibaki. Halmashauri za Tororo na Busia nchini Uganda, pamoja na serikali ya kaunti ya Busia nchini Kenya, zina haki ya kumtaka kila mfadhili aonyeshe kwanza fungu la posho, la matibabu na la mafunzo endelevu ya mwalimu, na zina wajibu wa kulibeba fungu hilo katika bajeti zao wenyewe mfadhili atakapoondoka. Mwalimu wa Nabuyoga anayefundisha majirani zake hesabu za akiba anastahili kuwa na akiba yake mwenyewe.