Fedha Chungu

Msomaji mpenzi, historia tunayofundishwa shuleni aghalabu ni historia ya watawala, mikataba na vita. Hiyo ni historia ya kweli, wala si vema kuidharau. Lakini iko historia nyingine inayokaa vinywani mwa watu: yale wayasemayo sokoni wakihesabu fedha zao, njiani wakitazama motokaa ikipita, barazani wakiwapima viongozi, na penye ngoma wakimsikiliza mwimbaji. Maneno hayo hayana muhuri wa serikali. Walakini ndiyo yanayomwongoza mtu siku ile anapouza shamba lake, au siku ile anapokataa kuliuza.

Twende basi katika nchi ya Migori na Homa Bay, kusini ya Ghuba ya Winam, katika pwani ya Ziwa Victoria. Nchi hizi zilikuwa zamani sehemu ya wilaya moja iliyoitwa Nyanza ya Kusini. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo iligawanywa, na tangu mwaka 2013 Migori na Homa Bay ni kaunti mbili, kila moja na serikali yake. Wakaaji wake wengi ni Wajaluo, nao wanakaa pamoja na Abasuba, Abakuria na wengineo. Miongoni mwa Wajaluo liko neno ambalo nataka ulichukue kama taa ya safari yetu. Neno hilo ni pesa makech, yaani fedha chungu.

Ili ulifahamu neno hili, fikiri kwanza juu ya utajiri kabla ya sarafu. Katika Migori, yapata kilometa 46 kaskazini magharibi ya mji, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo mwaka 2018 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO. Wataalamu wanadhani kwamba zilianza kujengwa katika karne ya 16. Mawe yake yalipangwa bila ya chokaa wala udongo wa kuyashikanisha, na mahali pengine ukuta unapita kimo cha mtu mara mbili. Ndani yake watu walilinda uhai wao na mifugo yao. Mtu hajengi ukuta wa namna hiyo kulinda kitu kidogo. Ng'ombe alikuwa akiba, mahari, fidia, na heshima ya mwenyewe. Tena ng'ombe alikuwa na nasaba: huyu ametokana na mahari ya dada fulani, yule ametoka kwa mjomba, na wa tatu ni deni la rafiki. Mtu hakuweza kuwa na mali bila ya majirani kujua mali ile imetoka wapi.

Kisha ikaja sarafu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye meli za ziwani zikawa zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Serikali ya kikoloni ikataka kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Basi vijana wakaondoka makwao kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi, katika reli na bandarini. Fedha yenyewe haikutulia. Kwanza ilikuwa rupia. Mwaka 1920 ikawa florini. Nayo florini haikudumu ila muda mfupi sana, ikafuatwa na shilingi ya Afrika Mashariki. Mkulima aliyezoea ng'ombe, ambaye ni ng'ombe yule yule leo na kesho, aliona mali ikibadilishwa jina na watu asiowajua. Lakini ajabu kubwa zaidi ni kuwa sarafu haina kumbukumbu. Shilingi ya mwizi na shilingi ya mjane zina uso mmoja. Ukizitia katika mfuko mmoja, hapana awezaye kuzitenga.

Hapo ndipo neno la fedha chungu lilipopata kazi yake. Mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Parker Shipton, aliyechunguza maisha ya Wajaluo wa kusini ya Nyanza mapema katika miaka ya 1980, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1989. Wazee na vijana walimweleza kuwa fedha ya wizi ni chungu. Jambo hilo halishangazi. Lakini walitaja pia fedha iliyopatikana kwa kuuza ardhi, fedha ya dhahabu, fedha ya tumbaku na ya bangi, na hata fedha ya jogoo wa boma la mtu mwenyewe. Fedha kama hiyo yaweza kutumika katika vitu vipitavyo. Haifai kwa mahari, wala haifai kununua ng'ombe watakaotolewa mahari. Iliaminiwa kwamba mtu akifanya hivyo ng'ombe watakufa, mke ataugua, na nyumba itakosa uzao. Aliyetaka kuiondolea fedha uchungu wake ilimbidi kufanya tambiko la kuitakasa.

Yamkini, kijana msomaji, utacheka habari ya jogoo. Usicheke upesi. Tazama vitu vile mmoja mmoja. Ardhi ni ya waliokufa na ya wasiozaliwa bado. Aliye hai ni mlinzi tu. Dhahabu hutoka katika tumbo la ardhi hiyo hiyo. Tumbaku ilienea kwa nguvu katika Migori tangu miaka ya 1970, ikawapa vijana fedha nyingi kwa mara moja bila ya shauri la wazee; tena ilikula kuni nyingi za kukaushia majani, na ilichukua shamba ambalo lingelisha watoto. Hata jogoo, naye ni alama ya mwenye boma. Katika kila biashara ya hizo mtu mmoja anafaidi, na kitu kilicho cha wengi kinapungua. Fedha ya mazao ya kawaida ya chakula haikutiwa katika hesabu hiyo. Kwa hiyo neno hili lilikuwa namna ya sheria. Sheria isiyokuwa na askari wala jela, iliyomwuliza kila mwenye fedha maswali mawili: Umeitoa wapi, na unaipeleka wapi?

Lakini insha ya historia haifai kusifu tu. Si kila mtu aliyekubali maoni hayo. Wamisionari wa Kiadventisti, waliojenga kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, waliwafundisha wafuasi wao kuepuka tumbaku kwa sababu nyingine kabisa, ya dini na ya afya. Wengine walisema kuwa maskini hana nafasi ya kuchagua ladha ya fedha, na hoja hiyo ina nguvu. Mjane mwenye ada ya shule ya kulipa, ambaye hana kitu ila kipande cha ardhi, ataambiwaje kuwa fedha yake ni chungu? Maoni yanayowalinda wengi yaweza kumwumiza mmoja, na aghalabu huyo mmoja ndiye mnyonge.

Tuingie sasa katika siasa, kwani swali la fedha ndilo lililozaa siasa katika Nyanza. Mwaka 1921 walowezi walipunguza mishahara ya wafanya kazi, na wakati huo kodi ilikuwa imepandishwa. Mwezi wa Desemba watu walikutana Lundha, katika Gem, wakaunda chama cha Young Kavirondo Association, na harakati ile ikajulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walilalamikia kodi, kipande na kazi ya lazima. Mwaka 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12. Angalia jambo hili: watu walewale waliomwuliza jirani juu ya asili ya fedha yake sasa waliiuliza serikali fedha yao inakwenda wapi.

Swali hilo likamfikia pia mwalimu mmoja aliyeacha kufundisha, Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1947 shirika la Luo Thrift and Trading Corporation liliandikishwa, na makao yake yakawa Kisumu. Hisa zake ziliuzwa kwa Wajaluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki, ili senti za wengi zikusanywe na kufanya biashara ambayo mtu mmoja hakuiweza. Shirika hilo halikupata utajiri mkubwa, na baadaye lilififia. Hata hivyo lilifundisha kwamba kuweka akiba kwaweza kuwa tendo la siasa. Kutoka kisiwa cha Rusinga, katika Homa Bay, ilitoka jamaa ya Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, kisha waziri wa mipango ya uchumi katika Kenya huru. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga, na kaburi lake hutembelewa hata leo. Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kupigania mshahara wa haki, yaani fedha iliyotoka katika jasho na inayotosha kurudi nyumbani.

Na motokaa? Hapa maoni ya watu ni makali, tena yana ucheshi. Ng'ombe huzaa, na motokaa hula. Tangu siku inunuliwapo inadai mafuta, magurudumu na fundi, na thamani yake hupungua kila mwaka. Kwa sababu hiyo mtu arudiye kijijini na motokaa inayong'aa, hali hana nyumba katika boma la babaye, husalimiwa kwa heshima na kusengenywa akiisha kupita. Katika desturi ya Wajaluo mwanamume hupaswa kujenga nyumba kwao, na akifa kabla ya kujenga, aghalabu ndugu zake humjengea kibanda kwa haraka ili azikwe kama mwenye nyumba. Ni aibu iliyoje, watu husema, kuacha gurudumu nne na kukosa kuta nne!

Walakini motokaa ya kazi huhesabiwa vingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kuwa matatu zichukue abiria bila ya leseni zilizotakiwa hapo kwanza, na tangu hapo matatu zikaongezeka sana katika Kenya nzima, pamoja na barabara itokayo Kisumu kupitia Kisii na Migori hadi Isebania katika mpaka wa Tanzania. Gari la namna hiyo ni kama ng'ombe wa maziwa: hukamuliwa kila siku, na asiyelilisha hukosa maziwa. Siku hizi pikipiki imechukua nafasi hiyo kwa vijana wengi. Hukumu ya watu haikubadilika: chombo kinachorudisha kitu nyumbani husifiwa, na chombo kinachochukua tu hulaumiwa.

Imebaki ngoma. Mpiga nyatiti, zeze la Kijaluo lenye nyuzi nane, hukaa juu ya kigoda, huvaa njuga mguuni na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, ambayo kwayo hugonga ubao wa chombo chake. Katikati ya wimbo msikilizaji husimama, hutoa fedha, na hupata ruhusa ya kujisifu: hutaja jina lake, ukoo wake, kwao, na rafiki zake. Desturi hiyo huitwa pakruok. Wengine huiita upotevu wa fedha. Lakini fikiri tena: katika sokoni sarafu haina jina, na penye nyatiti sarafu haipokelewi bila jina. Mtoaji hujulisha mbele ya watu yeye ni nani na ni wa nani. Mwimbaji naye huwajua watu wake, na ulimi unaosifu waweza pia kufedhehesha.

Vijana walipopata magitaa, vidole vyao vilitafuta ndani yake mwendo wa nyatiti, na muziki wa benga ukazaliwa. Mmoja wa mabingwa wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, naye akaongoza bendi ya Shirati Jazz. Aliimba juu ya mapenzi na juu ya watu wenye mali, na mara nyingine aliwagusa watawala kwa mafumbo, hata akapata kukamatwa kwa sababu ya nyimbo zake. Alikufa katika ajali ya motokaa Kisumu mwaka 2006.

Mambo yamebadilika. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wa Nyatike wangali wakitafuta dhahabu katika mashimo, na wengine hutumia zebaki kuisafisha, sumu ambayo huingia mwilini na majini. Tangu mwaka 2007 fedha hupita katika simu, haionekani wala haishikiki. Hati ya shamba yaweza kuwekwa rehani kwa mkopo, na mkopo usipolipwa shamba huuzwa kwa mnada, tena jamaa wote wa boma hupoteza kwa sahihi ya mmoja. Vijana hucheza kamari kwa kidole wakitarajia kutajirika usiku mmoja.

Basi, msomaji, hulazimiki kuamini kwamba ng'ombe hufa kwa sababu ya shilingi. Lakini usilitupe swali pamoja na imani. Utakapopata mshahara wako wa kwanza, utakapotamani motokaa, utakapopewa noti na mtu aombaye kura yako, utakapotaka kutia sahihi yako katika hati ya ardhi, jiulize kama walivyouliza wazee wa nchi ile: fedha hii imetoka wapi, inakwenda wapi, na ni nani atakayepungukiwa kwa ajili yake? Ukiweza kujibu mbele ya watu bila ya kuinamisha uso, fedha yako ni tamu, hata ikiwa ni kidogo.