Mchoro wa Hali Ilivyo

Mkandarasi anapokabidhi kiwanda, huacha makabrasha ya michoro yaliyogongwa muhuri wa Kiingereza: as-built. Muhuri huo unamwambia mwenye kiwanda kwamba mchoro alioushika si ule uliotoka mezani kwa msanifu kabla ya kazi kuanza. Ni mchoro uliosahihishwa baada ya kazi, unaoonyesha waya umepita wapi hasa, umefungwa kwenye terminali ya ngapi, na kipimo gani kinapeleka habari kwenye kadi gani. Wajenzi wa majengo na barabara wameizoea istilahi hiyo, na kwao inatosha, maana nguzo ya zege ikishasimama haihami. Kwenye kiwanda kinachoendeshwa na kompyuta, waya huhama. Ndiyo maana, tunapoitafutia istilahi hii Kiswahili chake, naona tusiishie kwenye siku ya makabidhiano. Napendekeza tuuite mchoro wa hali ilivyo, na sababu zangu zinaanzia kiwandani.

Tufuate waya mmoja. Kwenye kiwanda cha sukari kuna boila inayochoma makapi ya miwa, na juu ya boila kuna dramu ambamo mvuke hutengana na maji. Maji yakipungua mno, mabomba yanabaki makavu huku moto unawaka, yanaungua. Yakizidi, yanachukuliwa na mvuke hadi kwenye tabaini na kuharibu mapanga yake. Kwa hiyo usawa wa maji ndani ya dramu hupimwa saa zote, na kipimo chake kina jina, tuseme LT-201. Herufi L inasimamia usawa wa kimiminika, T inasimamia transmita, na 201 ni namba ya kitanzi chake, neno tutakalolifikia punde. Utaratibu huu wa majina umo katika kiwango namba 5.1 cha ISA, jumuiya ya wataalamu wa vipimo na udhibiti iliyoanzishwa Marekani mwaka 1945.

LT-201 hupeleka habari kwa mkondo mdogo wa umeme. Usawa ukiwa chini kabisa ya kipimo, mkondo ni miliampia 4; ukiwa juu kabisa ni 20; katikati ni 12. Haukuanzia sifuri kwa sababu waya ukikatika mkondo ndio unakuwa sifuri, na mwendeshaji asije akadhani waya uliokatika ni dramu isiyo na maji. Watumiaji wa mifumo hii walioungana chini ya NAMUR, yenye chimbuko lake Ujerumani, walikubaliana zaidi ya hapo: mkondo ukishuka chini ya miliampia 3.6 au ukipanda juu ya 21, mfumo uuhesabu kuwa hitilafu.

Mkondo huo unasafiri kwenye pea ya nyaya zilizosokotwa pamoja na kufunikwa kinga ya chuma, ambayo kwa kawaida hufungwa athi upande mmoja tu. Pea inaingia kwenye boksi la makutano lililoko karibu na boila. Kutoka hapo inaungana na pea nyingine ndani ya kebo nene hadi kwenye kabati la kupangia nyaya, halafu kwenye kadi ya kupokea, halafu kwenye kompyuta ya udhibiti. Kompyuta inaamua, kadi nyingine inatoa amri, na amri inarudi nje hadi kwenye vali ya maji yanayolisha boila. Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, ndiyo kitanzi. Mafundi wengi husema lupu, nami sina ugomvi nao. Karatasi inayoonyesha kitanzi kimoja kizima ni mchoro wa kitanzi. Mwaka 1991 ISA ilitoa kiwango namba 5.4 kueleza mchoro huo uwe na nini: jina la kila kipimo, mahali kilipo, namba za kebo, pea na terminali, chanzo cha umeme, na mengineyo. Uzuri wake uko kwenye udogo wake. Fundi aliyeamshwa saa nane usiku anaishika karatasi hiyo kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono wa pili.

Sasa tuone karatasi hiyo inavyoanza kudanganya. Usiku mmoja katikati ya msimu, pea ya 7 inakatika ndani ya kebo, mahali pasipofikika. Fundi wa zamu anajua kwamba kebo ina pea za akiba. Anahamishia LT-201 kwenye pea ya 12, ncha zote mbili, boksini na kabatini. Kipimo kinarudi, boila inaendelea. Ni kazi nzuri kabisa, wala hakuna msimamizi ambaye angemlaumu. Asubuhi anaandika kwenye daftari la shifti: LT-201 imetengenezwa. Basi. Mchoro bado unasema pea ya 7, na bado unasema pea ya 12 ni akiba.

Msimu unapita, mwingine unaanza. Fundi mwingine anahitaji pea ya kufungia kipimo kipya cha joto. Anaangalia mchoro kama alivyofundishwa, anakuta pea ya 12 ni ya akiba, anaweka bisibisi kwenye terminali na kulegeza. Kwenye chumba cha udhibiti usawa wa dramu unapotea, na mfumo unafanya ulichopangiwa kufanya, yaani kuzima boila. Mvuke unakata. Tabaini inasimama, vinu vya kukamua vinasimama, na miwa iliyokwisha kuvunwa inalala uwanjani ikipoteza sukari yake saa kwa saa. Redioni anaulizwa, "Kaka, umegusa nini huko?" Jibu lake ni la kweli: amegusa akiba. Mafundi wote wawili walifanya kazi kwa ustadi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa kalamu kati yao.

Uko udanganyifu mwingine usiolia kengele kabisa. Mchoro unasema LT-201 inapima kuanzia milimita 0 hadi 600. Mtu alikuja akaipanga upya ipime hadi 800, kwa sababu nzuri tu, wala hakuandika. Kompyuta bado inahesabu kwa 600. Miliampia 12 zikifika, skrini inaonyesha 300, na ndani ya dramu maji yako 400. Hapo hakuna waya uliohama, na mwendeshaji anaitazama namba hiyo kwa imani yote. Kosa la namna hii linaniogopesha kuliko boila kuzimika, kwa kuwa boila iliyozimika angalau imetoa taarifa.

Gharama ya waya usiolingana na mchoro inaonekana wazi kabisa katika ajali ya reli ya Clapham Junction, London, ya tarehe 12 Desemba 1988. Reli si kiwanda, lakini mfumo wake wa taa ni nyaya, rilei na terminali zilezile. Nyaya za zamani zilikuwa zikibadilishwa. Mwishoni mwa Novemba fundi alifunga waya mpya kwenye rilei, na ule wa zamani aliufungua upande mmoja tu. Hakuukata, wala hakuufunga ncha kwa kihami. Aliusogeza pembeni, na upande wake wa pili ukabaki na umeme. Siku moja kabla ya ajali, kazi kwenye rilei ya jirani iliutikisa, ukarudi kugusa pale ulipokuwa zamani. Umeme ukapita, na taa iliyopaswa kuwa nyekundu wakati treni iko mbele haikuwaka nyekundu. Asubuhi ya ajali dereva mmoja aliona taa zimebadilika ghafla mbele yake, akasimamisha treni apige simu kutoa taarifa. Treni iliyokuwa nyuma, imejaa watu waendao kazini, haikupewa onyo, ikaigonga ile iliyosimama. Watu 35 walikufa.

Uchunguzi ulioongozwa na wakili Anthony Hidden, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1989, haukuishia kwa fundi. Ulieleza kwamba mtu huyo alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13. Ulieleza pia kwamba alikuwa na desturi mbaya za kazi za miaka mingi ambazo hakuna aliyewahi kumsahihisha. Na ulieleza jambo linalohusu michoro moja kwa moja: hakuna mtu wa pili aliyehesabu nyaya. Kuhesabu nyaya ni ukaguzi mwepesi mno. Mtu ambaye hakuifanya ile kazi anasimama mbele ya terminali, anahesabu ncha anazoziona, na kuzilinganisha na idadi iliyo kwenye mchoro. Mchoro ukisema mbili na jicho likaona tatu, kazi haikabidhiwi. Lakini hesabu hiyo ina maana pale tu mchoro wenyewe ulipo wa kweli. Kwenye kabati ambalo michoro yake imeachwa ikachakaa, tofauti zinakuwa nyingi hadi mkaguzi anazoea kuzipuuza, na ile ya hatari inapita pamoja nazo.

Kwa hiyo mchoro unasahihishwa vipi? Zana ya kwanza ni kalamu nyekundu. Anayehamisha waya ndiye anayechora juu ya nakala iliyoko kabatini, palepale, kabla ya kufunga mlango: anafuta 7, anaandika 12, anaweka jina na tarehe. Nakala hiyo inakwenda kwa mchoraji, inarudi ikiwa safi na namba mpya ya toleo, na ya zamani inaondolewa, isibaki kwenye droo ya mtu. Nimeona sehemu nyingi fundi anapiga picha ya boksi kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Picha ni nzuri, napenda ipigwe, ila kesho yake imezikwa chini ya salamu na matangazo ya misiba, na mchoraji hayumo kwenye kundi.

Zana ya pili ni kibali cha kazi. Kibali kisifungwe mpaka nakala yenye wino mwekundu iambatishwe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu mitambo yenye kemikali za hatari inadai mabadiliko yapitie utaratibu ulioandikwa na habari za usalama zihuishwe, isipokuwa pale kifaa kinapobadilishwa kwa kingine cha aina ileile. Hapo ndipo mafundi wanapojikwaa. Wanasema kuhamia pea ya akiba ni kilekile, kwa kuwa transmita ni ileile na kadi ni ileile. Njia imebadilika, na mchoro unachora njia.

Programu za kisasa zinasaidia. Kiwanda kikubwa huweka vipimo vyake vyote kwenye hifadhidata, na michoro ya vitanzi hutolewa humo, hivyo pea ikibadilishwa mara moja inabadilika kwenye karatasi zote zinazoitaja. Transmita zinazotumia HART, njia ya kupitisha data juu ya mkondo uleule wa miliampia 4 hadi 20, hubeba jina lao kwenye kumbukumbu yao. Fundi anaunganisha kifaa cha mkononi kwenye terminali na kuiuliza wewe ni nani. Ikijibu jina lisilo la kwenye mchoro, ameujua uongo kabla hajaugusa waya. Ila hifadhidata haitembei hadi kwenye boksi. Na viwanda vingi vimeachiwa makaratasi tu, au faili zisizoharirika, huku faili za kuchorea zikiondoka na mkandarasi. Mkataba ambao haudai faili hizo ni mkataba mbovu, na namsihi kila anayesaini mkataba wa namna hii alitazame jambo hilo kabla ya bei.

Turudi kwenye jina. Yapo majina yanayozunguka maofisini. Wengine husema mchoro wa mwisho. Kiwanda kinachofanya kazi hakina mchoro wa mwisho. Wengine husema mchoro halisi, na hilo lina hatari yake, kwani ofisini nakala halisi ni ile ya kwanza, isiyo kivuli. Ukimwagiza kijana alete mchoro halisi wa LT-201, anaweza kukuletea ule wa awali wenye pea ya 7, naye atakuwa amekuelewa vizuri. Wengine wanatafsiri neno kwa neno, kama ilivyojengwa. Hilo ni sahihi kwa siku ya makabidhiano, na ningeliacha litumike kwa kabrasha la siku hiyo. Lakini -li- ya ilivyojengwa ni ya wakati uliopita. Katika ilivyo, -li- ni kitenzi chenyewe cha kuwa, hakina wakati. Inasema jambo jinsi lilivyo sasa hivi, wakati unaposoma. Kiswahili kimetupa tofauti hiyo bila gharama, na fundi yeyote anayesema hali ilivyo anaielewa bila kufundishwa.

Jina hilo linadai pia kisanduku kimoja kwenye pembe ya karatasi. Leo pembe hiyo ina namba ya toleo na tarehe ambayo mchoraji alimaliza kuchora. Mchoro wa hali ilivyo uwe na tarehe ya pili, chini ya hiyo: siku ambayo mtu alifungua boksi na kabati, akafuata pea kwa mkono kutoka terminali hadi terminali, akasaini kwamba ndivyo zilivyo. Kwa vitanzi vya usalama, kama vile vinavyozima boila, tarehe hiyo ikipitwa na ukarabati wa mwaka bila kuhuishwa, karatasi irudishwe kwa mchoraji na boksi lifunguliwe upya kabla boila haijawashwa.